Kiberiti cha Kuoteshea Mpunga

Msikilizaji wangu, sogea karibu kidogo, maana jambo hili nataka nikueleze polepole. Nilifundisha darasa la nne kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na tabia haijaniacha: napenda mtu aelewe hadi mwisho. Usipoelewa mahali, niambie nirudie. Hakuna anayekukimbiza. Mimi nilikimbizwa mara moja, nikakubali kukimbia, na aliyeanguka ni mama yangu mdogo.

Mama mdogo anaishi Tindiga, kule bondeni. Mimi naishi Kilosa mjini, na tangu mama yangu mzazi alipofariki, yeye ndiye mama niliyebaki naye. Alikuwa na mpunga ambao nyumbani tuliuita Nisubiri. Jina hilo halimo katika kitabu chochote cha kilimo. Mto ukifurika na maji yakilala shambani siku nyingi, mipunga mingine huoza, lakini huu ulisimama humo humo majini, umenuna, ukingoja yapungue. Alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake. Mbegu zake alizihifadhi kwenye dari ya jikoni, juu ya moshi, mahali ambapo fukusi hawapendi na maji hayafiki.

Kwa hiyo kila mafuriko yalipopita na watu wakajikuta hawana hata punje ya kurudisha ardhini, wanawake walijua pa kwenda. Walitoka vitongoji vya jirani, wengine walikuja kwa reli kutoka mbali, hadi Munisagara. Hakumrudisha mtu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana kisa chote kimejificha hapa. Kwetu mbegu haiuzwi. Lakini pia haitolewi bure. Anayepokea lazima aache kitu mkononi mwa aliyempa: yai, sindano, kipande cha sabuni, kiberiti. Kitu hicho tulikiita kioteshi. Hakina thamani ya mbegu na hakuna anayekipima. Wazee walituambia mbegu iliyotolewa mikono mitupu hujiona imetupwa, ikakataa kuota. Utotoni nilimcheka bibi kwa imani hiyo. Ukubwani nilielewa kwamba kioteshi kilimwondolea mpokeaji aibu ya kuwa ombaomba. Uliacha kiberiti chako, ukaondoka na mbegu kichwani, shingo imenyooka.

Kwenye kona ya jikoni mama mdogo alikuwa na kikapu cha vioteshi. Msimu wenye mafuriko makubwa, kikapu kilijaa viberiti hadi akawa anawagawia majirani.

*

Mwaka ule, kiangazi, niliitwa kwenye semina Mikumi. Ilifanyika katika ukumbi wa hoteli moja kando ya barabara kuu, na malori yakipita ilibidi mwezeshaji anyamaze. Tulikuwa walimu wastaafu, viongozi wa vikundi, na watu wa dini. Kazi yetu, tuliambiwa, ilikuwa kupeleka elimu kwa wananchi. Kuna mkataba wa kimataifa, tukaelezwa, unaolinda haki za wabunifu wa mbegu, yaani wanaotengeneza aina mpya na kuziuza. Nchi inayotaka kufanya biashara vizuri na wenzake inatakiwa iwe nao, na iwe na sheria zinazofanana nao, pamoja na za kukataza kuuza mbegu isiyosajiliwa. Yetu ilikuwa imeshaingia.

Tulipewa kitabu cha Kiingereza, na makaratasi machache ya Kiswahili yaliyobanwa kwa pini. Nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi sana. Mtu akikaa nyumbani baada ya kustaafu, halafu akapewa tena karatasi na kuambiwa nenda kafundishe, anajisikia kama amerudishiwa miguu.

Ukurasa wa kwanza wa ile tafsiri ulikuwa na kichwa, Maana ya Maneno. Mwezeshaji, kijana mcheshi mwenye suti, akaupindua haraka.

"Hii ni ya wanasheria," alisema. "Wazee wangu, mtajisomea nyumbani. Twende kwenye mambo yenyewe, chakula kisije kikapoa."

Tukacheka, tukauruka.

Kabla ya kutoka nilinyoosha mkono. Nikauliza: je, mkulima mdogo anaweza kumpa mwenzake mbegu? Alitazama saa.

"Kupeana tu? Hakuna shida, Mwalimu. Tatizo ni kuuza."

Nikaandika hivyo kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Neno haki lilikuwamo kila ukurasa wa makaratasi yale. Niliona vizuri kwamba kila mahali lilikuwa haki ya mbunifu, haki ya mmiliki, haki ya mwenye leseni. Nilidhani haki ya mama mdogo ilikuwa kwenye mkoba wa semina nyingine, iliyohusu mambo ya haki. Ndivyo zilivyogawanywa: biashara siku yake, haki za binadamu siku yake, kana kwamba anayelima mpunga ni mtu mmoja na anayeula ni mwingine.

*

Wiki iliyofuata nikapanda bodaboda kwenda Tindiga na makaratasi yangu. Wanawake walikusanyika kwenye baraza ya mashine ya kukoboa. Mwenye mashine alizima injini kwa heshima yangu.

"Mwalimu kaja na karatasi," alisema jirani wa mama mdogo, mama mmoja ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mfereji. "Haya, leo tunahamishwa wapi?"

"Hamhamishwi popote," nikasema. "Nimekuja kuwaelimisha. Nchi yetu imeridhia mkataba."

Mama mdogo alikuwa amekaa mbele, miguu ameinyoosha. Akainua kidole kama mwanafunzi.

"Mwanangu, kuridhia ninakokujua mimi ni kwa mwali. Wanakuja mashahidi hadi mlangoni, wanamuuliza, fulani anataka kukuoa, umeridhia? Naye anajibu kwa kinywa chake. Mimi mlangoni kwangu hakuja mtu."

"Mama, wanaridhia wawakilishi kwa niaba yetu."

"Basi na wakalale naye wao huyo mume."

Baraza zima lilipasuka kwa kicheko. Jirani alimpiga mama mdogo begani hadi kanga ikamtoka. Mimi pia nilicheka, kisha nikawatuliza kama ninavyojua kutuliza darasa. Nikawaeleza polepole, kwa mifano. Nikachora ubaoni, maana nilikuwa nimebeba hata ubao mdogo. Walielewa. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile.

Yule jirani akauliza, "Na kupeana je? Maana huyu mama yako ndiye duka letu."

"Kupeana ruksa," nikajibu. "Msiuze tu. Semeni wote: tupeane, tusiuze."

"Tupeane, tusiuze," wakasema wote, kwa sauti ya kuimba.

Neno kioteshi halikunijia kichwani hata kidogo. Kwangu kioteshi hakikuwa kuuza wala kununua. Hakikuwa hata kitu cha kufikiriwa, kama mtu asivyofikiri kwamba anapojibu marahaba amefanya kazi.

*

Mvua zilikuja kwa hasira, na mto ukapanda. Tindiga yote ililala kwenye maji. Maghala yalilowa, mbuzi walikufa, na mbegu za watu zikachipua ndani ya magunia. Dari ya jikoni kwa mama mdogo haikuguswa. Maji yalipoanza kushuka nikaenda kumsaidia kupima mbegu, kwa sababu wanawake walikuwa wanafika tangu asubuhi.

Jirani wa ng'ambo ya mfereji alikuwa wa kwanza. Aliacha yai la kuku wake pekee aliyebaki, akaondoka na mbegu za kutosha robo ya shamba.

Siku ya tatu walikuja vijana wawili kwa pikipiki. Mmoja alikuwa na buti za mvua, na mwenzake alishika jalada. Yule wa buti alipiga hodi, akangoja kukaribishwa, akavua buti nje.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mama mdogo, akanigeukia kwa furaha. "Umeona? Bado wapo wenye adabu."

Wakapewa uji. Yule wa buti akausifu mpunga uliokuwa kwenye ungo, akauchota na kuunusa. Akasema kwao nako kumefurika, na angependa apate mbegu kidogo. Hakusema wanatoka ofisi gani, nasi hatukumuuliza mgeni anayekunywa uji.

Mama mdogo akamjazia mfuko. Kijana akapokea, akashukuru, akageuka.

"We! Rudi," mama mdogo akamwita. "Unaondokaje hivyo? Acha kitu."

"Kitu gani, bibi?"

Hapo mimi nikaingia. Msikilizaji wangu, hapa ndipo ninapotamani mtu angeniziba mdomo. Yule kijana hakujua desturi yetu, na mimi nikiona mtu asiyejua siwezi kukaa. Nikamweleza yote. Nikamwonyesha kikapu. Nikamwambia kila anayechukua mbegu hapa huacha kitu, tangu enzi za bibi, hakuna asiyeacha. Mwenye jalada alikuwa anaandika. Nilipomwona anaandika nilipunguza mwendo wa maneno ili asiachwe nyuma.

"Kwa hiyo bila kitu, bibi hutoi?" akauliza mwenye jalada.

"Sitoi," mama mdogo akajibu.

"Na mtu akileta kitu, unatoa?"

"Natoa. Kwa nini nisimpe?"

Yule wa buti akatoka hadi kwenye pikipiki, akarudi na kiberiti. Mama mdogo akakipokea kwa mikono miwili, akakitikisa kusikia kama kimejaa, akakitupa kikapuni.

"Haya. Sasa itaota."

Wakatoa vitambulisho. Walikuwa wakaguzi wa mbegu.

*

Tuliitwa kwenye ofisi yao siku mbili baadaye. Mpunga wote ulikuwa umeshashushwa kutoka darini na kupakiwa, magunia na vibuyu. Waliuita kielelezo. Kiberiti nacho kilikuwa mezani, ndani ya mfuko mdogo wa plastiki unaoonyesha ndani, kimeandikwa namba.

Yule wa buti alisimama tulipoingia.

"Shikamoo bibi."

Mama mdogo alimtazama. Hakujibu.

Nataka uelewe uzito wa jambo hilo. Nimeishi wilaya hii maisha yangu yote. Nimeona watu waliogombania mipaka ya mashamba hadi kufikishana mahakamani, na asubuhi yake shikamoo ikitolewa, marahaba inarudi. Sijawahi kumwona mtu mzima akiiacha shikamoo ya kijana ianguke chini. Kijana akarudia. Mama mdogo akakaa kwenye benchi, akakunja kanga yake magotini.

Nikamwambia yule kijana kwamba kuna makosa. Huyu mama hauzi. Anatoa. Nilikuwa na daftari langu, na mstari wangu wa rula.

Hakunibishia. Akafungua makaratasi, yale yale ya semina, akanigeuzia, akaweka kidole. Ulikuwa ukurasa wa maana ya maneno. Hapo neno kuuza lilielezwa kuwa ni pamoja na kubadilishana, kutoa ili upate chochote, na hata kuweka kitu kwa nia hiyo.

"Kiberiti ni chochote, Mwalimu," alisema kwa upole. "Mimi natekeleza tu."

"Na kama angetoa bure?"

"Angetoa bure, leo tusingekuwa hapa."

Nilitazama kiberiti ndani ya plastiki. Nilifikiri juu ya watu walioandika maana ile, mahali fulani, kwenye meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Sidhani walimchukia mama mdogo. Hawakumjua. Mkataba wa biashara unawajua watu wawili tu, anayeuza na anayenunua, na wa tatu akitokea unamvalisha nguo za mmoja wao. Mlangoni kwake hawakufika kumuuliza. Mtu waliyemtuma ni mimi, nami nilitumwa kueleza, sikutumwa kuuliza.

Hawakumfunga. Walimpa onyo, wakamwekesha dole gumba kwenye karatasi. Mpunga, walisema, utarudishwa uchunguzi ukikamilika.

"Unakamilika lini?" nikauliza. "Maji yameshapungua. Watu wanapanda sasa."

Kijana alisema hilo liko juu ya uwezo wake.

Mama mdogo hakupanda msimu ule. Kwenye mkutano wa kijiji mtu alipendekeza wanawake wapewe mbegu za dukani, za pakiti, na wachache walipata. Zilikuwa mbegu nzuri kwa shamba kavu. Mvua za mwisho zilipolaza maji bondeni kwa mara ya pili, mipunga ya mbegu hizo ilioza ikiwa bado kijani.

Magunia yalirudishwa baada ya mavuno. Yalikuwa yamelazwa kwenye sakafu ya saruji ya stoo inayovuja, na chini yalikuwa meusi. Tulichukua punje kutoka kila gunia, tukazifunga kwenye kitambaa kibichi kama tunavyojaribu mbegu, tukangoja. Mama mdogo alifungua kitambaa kila asubuhi. Siku ya sita alikikung'utia kuku.

Mpunga wa magunia ya juu, ambao haukuoza, tuliutwanga tukapika. Niliwahi kuula mpunga ule kwenye sikukuu, na harufu yake ilikuwa inafika barabarani. Mchana ule tulikula watu wawili na sinia moja, na wali ulinuka stoo.

*

Lakini Nisubiri haukufa, msikilizaji. Usikate tamaa mapema, subiri nimalize.

Jirani wa ng'ambo ya mfereji alikuwa amepanda zile mbegu alizozichukua kwa yai. Shamba lake ndilo pekee lililosimama majini upande ule. Msimu mpya ulipokaribia, mama mdogo alivaa kanga safi, akatia kiberiti kipya kwenye pindo, akaniambia nimsindikize.

Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Jirani alipotuona alisimama haraka, akatazama barabarani, kisha akatuingiza ndani na kurudisha mlango.

"Dada, najua ulichokuja kufuata," alisema. Alishatayarisha mfuko, umefungwa. "Chukua. Tena chukua wote. Ila usiniachie kitu."

Mama mdogo akafungua pindo la kanga, akatoa kiberiti, akamnyooshea.

Jirani akaficha mikono nyuma.

"Pokea," mama mdogo alisema.

"Siwezi, dada."

"Mimi nilipokea yai lako."

"Na yamekukuta." Alinitazama mimi. "Mwalimu si alitufundisha? Tupeane, tusiuze. Chukua bure, dada. Nani atajua kama itaota au haitaota?"

"Nitajua mimi. Wewe unataka nitoke humu ndani kama niliyekuja kuomba makombo?"

"Nina watoto," jirani alisema. Mikono yake ilibaki nyuma.

Walikuwa watu waliosaidiana kupanda mpunga tangu wakiwa wasichana. Kiberiti kilikuwa katikati yao na hakuna aliyekuwa na pa kukiweka. Kisha mama mdogo akakirudisha kwenye pindo, akafunga fundo, akatoka. Mfuko aliuacha mlangoni.

Tangu siku ile Nisubiri uko kwenye nyumba moja tu. Jirani anaulima kwenye kipande kisichoonekana kutoka barabarani, na akiulizwa ni mpunga gani anasema ni wa dukani. Mafuriko yajayo, sijui wanawake watakwenda wapi. Mama mdogo analima mahindi pale juu kidogo, na kwenye kikapu cha vioteshi ameweka mayai ya kuatamiwa.

Tukiwa njiani kurudi kutoka kwa jirani siku ile, tulivuka mfereji. Kisha mama mdogo akauliza, bila kunitazama:

"Mwanangu, ile karatasi uliyotuletea, wewe uliisoma?"

"Niliisoma, mama."

"Yote?"

Nilimwambia ukweli. Nilisema kulikuwa na ukurasa mmoja tuliouruka ili chakula kisipoe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Ehe," akaendelea kutembea mbele yangu.

Kwa hiyo nikuombe jambo moja, nawe unaliweza, hata kama hukusoma sana. Ukiletewa karatasi yoyote ya mkataba au sheria, iwe semina, iwe mkutano wa kijiji, usiuruke ukurasa wa maana ya maneno hata mwezeshaji akikuharakisha. Tafuta humo neno unalolitumia kila siku nyumbani kwako. Lisome kwa sauti mbele ya wenzako, na usitie dole gumba mpaka kila mmoja aseme kwa kinywa chake ni kitu gani cha kwake kimeingia ndani ya neno hilo.